Hapa Dandora Chini Kuna Mwamba

Ukiingia Dandora Phase Two uulize kwa Mathe Norah ni wapi, hakuna mtu atakuuliza Norah gani. Utaonyeshwa nyumba moja fupi ya mawe, imebanwa na fleti ndefu pande zote kama mtoto amekalishwa katikati ya watu wazima kanisani. Nyumba zingine za hiyo laini ziliuzwa kitambo, zikabomolewa, zikapanda juu. Ya Norah ilikataa. Siku ya jua, ukiangalia kamba zake za nguo, unajua mtaa mzima bila kuona mtu: yunifomu za watoto, kanzu za watu wa msikiti, suti ya pasta, ovaroli za mafundi. Kazi yake ni kufua. Amefua tangu nikiwa mdogo, na mikono yake imeshinda ya vijana wa hapa kona wenye wananyanyua vyuma za simiti wakijipiga picha.

Mimi naitwa Austine, nimepanga chumba ya nyuma kwake. Shule niliacha form two, na kazi nimejaribu nyingi, hakuna yenye imenikalia. Norah huniambia mimi ni kama mvua ya Agosti, kelele kidogo halafu nimeenda. Sawa. Lakini hii kazi ya ukuta wake nilikuwa ndani mwanzo mpaka mwisho, kwa hivyo nitaisema mimi.

Hiyo ploti alipewa baba yake, mzee Obonyo, wakati Dandora ilikuwa inaanza. Mzee alitoka Siaya akaja kufagia barabara za mji. Enzi hizo mpango ulikuwa hivi: unapewa kipande cha ardhi, choo, na mfereji wa maji. Hiyo nyumba ingine yote ujijengee mwenyewe venye utaweza. Obonyo akajenga vyumba vinne, mwaka huu ukuta, mwaka ujao mabati. Akimaliza hizo akaleta mawe zingine, akazipanga vizuri kwa kona ya ua, akasema hizo ni za ghorofa. Akafa zikiwa pale pale. Zikaota ukungu wa kijani. Norah akazifanya meza ya kufulia, lakini ole wako ukijaribu kubeba hata moja uende nayo.

"Wewe! Rudisha ghorofa ya baba!"

Na ni jiwe tu unataka kuzuia mlango isipigwe na upepo.

Sasa, shida ilikuwa ufa. Ulianza kwa kona ya dirisha ya nyuma, ukateremka kama mtu anashuka ngazi akiwa amelewa, hatua huku, hatua kule, mpaka chini. Wakati wa kiangazi unafunguka. Mvua ikija unajifunga kidogo, kama umetubu. Kiangazi kingine unafunguka zaidi. Na Norah alijua makosa ni ya nani. Makosa ilikuwa ya Ndung'u.

Ndung'u ndiye alijenga fleti ya nyuma, ghorofa sita, na alikuwa anataka ploti ya Norah apate mahali ya kuegesha magari ya wapangaji. Si mtu mbaya sana. Ana kitambi, ana simu mbili, na hupenda kusimama kwa balkoni yake na kikombe cha chai akiangalia ua wetu kama ni televisheni. Kila asubuhi walisalimiana hivi:

"Ndung'u, umeamkaje? Jengo lako limekula ukuta wangu tena."

"Mathe, jengo langu limekaa kwangu."

"Limeegemea kwangu kama mlevi! Angalia!"

"Basi niuzie tuache kusumbuana. Hiyo nyumba itakuangukia ukifua."

"Ikiniangukia utakuja kuzika. Kununua hautanunua."

Akishamaliza hapo anarudi kwa beseni yake, roho safi, siku imeanza vizuri.

Mambo ikageuka Jumapili moja ya Januari. Caleb alikuja. Caleb ni ndugu yake mdogo, karani wa reli, anaishi Syokimau kwa nyumba iko na geti inajifungua yenyewe. Ploti iko kwa jina la wote wawili. Akaenda nyuma ya nyumba, akatoa ufunguo ya gari, akaiingiza kwa ufa. Ufunguo ikaingia mpaka shingo, ikabaki nje tu kichwa yake na ile kamba ya kushikia.

"Sista," akasema, "hii imekwisha."

"Imekwisha nini? Iko imesimama."

"Hata mgonjwa husimama kabla aanguke. Unaishi hapa, Austine anaishi hapa, watoto wa majirani wanacheza hapa. Ikiua mtu utasema nini?"

Norah akaangalia ule ufunguo venye umening'inia kwa ufa.

Caleb akaingia ndani, akatoka na kioo cha kunyolea ndevu cha marehemu baba yao. Kilikuwa kirefu chembamba, kimetoka kwa fremu miaka mingi. Akanituma simiti kidogo kwa fundi wa jirani. Akakibandika kwa ukuta, kikiwa kimelala juu ya ufa kama daraja, upande mmoja umeshikwa na simiti huku, upande mwingine kule.

"Hii walinionyesha mafundi wa madaraja ya reli," akasema. "Kioo hakijui kupinda. Ukuta ukisonga kidogo tu, kinapasuka. Sasa tuongee kama watu wa nyumba moja. Mvua ndefu ikiisha na hii kioo iko nzima, neno kuuza hautalisikia kwangu tena. Ikipasuka, tunampatia Ndung'u kabla nyumba haijaua mtu."

Norah akaangalia kile kioo. Akajiona ndani, kitambaa kichwani, sabuni kwa shavu.

"Nimekubali," akasema. "Na ukienda, pitia huko mbali. Usije ukakipiga na hiyo tumbo."

Caleb akacheka. Lakini akienda nilimwona Norah amebaki amesimama pale, anapimia ufa na kidole, akikiingiza na kukitoa. Mvua ndefu ilikuwa ianze Machi. Kungoja tu muujiza haingemsaidia, na kumtukana Ndung'u alikuwa amejaribu miaka.

Jibu lilitoka kwa mfuko ya ovaroli.

Kuna kijana anaitwa Aweys, amezaliwa Majengo kule Pumwani, anafanya kazi na watu wa kuchimba visima. Yadi yao iko huku karibu na Kangundo Road, kwa hivyo ovaroli za kikosi yote huleta kwa Norah. Na hizo ovaroli Norah alikuwa anazichukia, sababu ya mawe zinabaki kwa mifuko.

"Wewe Aweys, kwani mnabeba milima? Ona kidole changu!"

"Pole, mama. Hiyo ni ya chini. Inaruka mashine ikichimba."

Norah akalitoa lile jiwe, akalipima kwa mkono. Jeusi, zito kuliko ukubwa wake. "Hili mmetoa wapi?"

"Hapa Njiru."

"Usinidanganye nikiwa na sabuni machoni. Huku hakuna jiwe. Huku ni matope."

"Matope iko juu, mama. Ukiyapita unakuta hii. Nairobi yote imekalia hii. Ni lava."

"Lava ndio nini?"

"Ni jiwe iliyeyuka. Ilitoka kwa volkano ikatiririka, ikapoa, ikaganda."

Norah alicheka mpaka akashika kamba ya nguo asianguke. "Volkano Dandora! Moto wenye tunajua hapa ni ule wa jalala! Tena hata huo hutoa moshi tu!"

Aweys hakukasirika. Alichukua kibao, akaweka kwa mteremko, akamwaga uji uliobaki kwa kikombe chake. Uji ukashuka pole pole mpaka mahali kibao kimeishia chini pako sawa, ukatulia hapo.

"Hapa juu ni Ngong na huko Bonde la Ufa," akasema. "Volkano zilikuwa huko, kabla hata kuwe na mtu wa kukimbia. Zikatapika. Hii ikashuka ikaja ikalala huku kwenu, sababu ni tambarare. Halafu zikanyamaza, halafu zikatapika tena. Siku zingine lava, siku zingine jivu. Jivu likaanguka likalala, likarundikana, likakazana mpaka likawa jiwe. Hii nyumba yako, mama, hizi mawe za kijivu, ni jivu."

Norah akaupiga ukuta wake kofi. Pa! "Hili jivu?"

"Hilo."

"Lililotoka kwa moto?"

"Kwa moto kabisa."

Nilikaa pale nikakasirika, na mwanzo sikujua nakasirika nini. Halafu nikajua. Mimi shuleni nilichoreshwa volkano. Mwalimu aliichora ubaoni na chaki nyekundu, akatupatia majina za Italia na Japani, tukakariri. Hakuna siku alituambia tugeuke tuguse ukuta. Tulikuwa tumekaa ndani ya jivu la volkano tukifundishwa volkano ni kitu ya watu wa mbali.

"Sasa hii matope meusi ilitoka wapi?" nikamuuliza Aweys. Huu udongo wetu unajua mwenyewe ukiwa umeishi huku Eastlands. Mvua ikinyesha unakushika kiatu kama unakudai. Kukikauka unapasuka, na simu ikiangukia kwa huo mpasuko, sahau.

"Ni hiyo hiyo lava imeoza," Aweys akasema. "Kule juu kwa matajiri, Lavington na Kilimani, maji inateremka inaenda, kwa hivyo ikioza inakuwa ule udongo mwekundu mzuri. Huku maji inakaa. Ikioza inakuwa huu mweusi. Ukinywa maji unafura, ukikauka unajikunja. Nyumba iliyokalia huo udongo inapanda na kushuka kila mwaka."

Norah alikuwa ameacha kucheka. "Ngoja. Wao na sisi ni volkano moja?"

"Moja."

"Wao wakapewa pahali panakauka, sisi tukapewa pahali maji inakuja kulala."

"Hiyo mimi sijasema, mama."

"Nimesema mimi." Akaangalia ukuta mpaka chini. "Baba alichimba msingi mpaka hapa." Akajigusa paja. "Nilikuwa mdogo, nilikuwa nampelekea maji. Alikuwa peke yake na jembe, amechoka. Hakufika kwa jiwe."

"Wengi hawakufika."

"Basi nitamfikisha mimi."

Aweys akamweleza venye inafanywa, na akarudia mara mbili sababu alimjua. Usifungue chini ya ukuta wote. Shimo moja, jaza na mawe na konkriti mpaka ishike ule msingi wa zamani, iache ikauke, ndio uende kwa lingine. Na lingine lisiwe jirani ya lile la kwanza.

"Ni kama kung'oa meno," akasema. "Uking'oa yote siku moja, mdomo unaingia ndani."

Shimo la kwanza tulianza kwa kona ya kulia, mbali na ufa. Mimi na sururu, Norah na karai. Kazi ya kufua hakuacha. Alikuwa anasuuza, anaanika, anakuja anachukua udongo, anarudi. Ule udongo ukiwa mkavu si mchezo. Sururu inaruka inakurudia. Mipasuko ilikuwa imeingia chini mpaka nikiweka mkono unaenda mpaka kiwiko. Ndung'u akatoka na chai yake.

"Mathe, mnatafuta dhahabu?"

"Natafuta mwenzako! Mtu mwenye kichwa ngumu!"

Shimo liliponifika kifuani, sururu ikapiga kitu ikalia ngii, mpaka meno yangu yakauma. Nikapiga tena kando. Ngii. Nikafagia na mkono. Ilikuwa pale, nyeusi, imelala sawa kama meza, imetungoja huko miaka yote tukipigana na matope juu yake.

Norah akaniambia nitoke. Akavua patipati, akashuka mwenyewe, akasimama juu ya ule mwamba miguu mitupu.

"Ni baridi," akasema. Nikaona amekata tamaa kidogo. "Nilidhani itakuwa hata na joto kidogo."

Sasa kujaza. Mimi nilijua tutanunua mawe. Norah akaenda kwa meza yake ya kufulia, akaondoa beseni, akakwangua ukungu wa kijani na kisu.

"Beba."

"Mathe, hii si ni ghorofa ya mzee?"

"Nimesema beba."

Kuna mtu akamwambia Caleb, sijui nani, na jioni simu ikalia. Norah huongea na simu kama aliye ng'ambo ya mto, kwa hivyo tulisikia wote.

"Ndiyo, ni hizo… Ndiyo, za baba… Najua alisema ghorofa! Sasa Caleb niambie, hiyo ghorofa ingekalia nini? Matope?… Hapana. Hapana! Wewe ulitaka kuuza nyumba nzima na hukulia. Usilie leo juu ya mawe."

Akakata.

Shimo la pili lilikuwa katikati, na hapo ndio tulipata aibu. Hapo chini ya ukuta Norah alikuwa na sukuma wiki yake, laini moja nzuri, majani kama masikio ya ndovu. Mtaa wote hufanya hivyo. Maji ya kufua haumwagi barabarani, utagombana na majirani na matope yakiingia kwao. Unamwaga kwako, kando ya ukuta, na kwa sababu unaona ni hasara maji kupotea bure, unapanda mboga hapo. Hakuna nyumba ya Dandora haina hiyo. Tofauti ni kwamba wengine humwaga beseni moja kwa siku. Norah hufulia mtaa.

Nilichimba hatua moja tu nikajua. Kule kwingine udongo ulikuwa kama tofali. Hapa ulikuwa kama ugali haujaiva, unang'ang'ania jembe, unaukwangua na kidole unahamia kwa kidole kingine. Umefura. Nikafuata unyevu. Ulienda mpaka mahali sukuma ya mwisho imeishia, ukakatika. Na juu ya pale ulipokatika, nikiinua macho, ulikuwa ufa.

Upande mmoja wa ukuta umekaa kwa udongo umelewa maji mwaka mzima. Upande mwingine umekaa kwa udongo una kiu. Huu unanyanyua, ule unateremsha. Sikuhitaji hata Aweys.

"Mathe," nikasema, "sidhani ni Ndung'u."

"Nyamaza."

"Nasema tu…"

"Nimeona, Austine. Mimi si kipofu. Nyamaza."

Alikaa kwa ukingo wa shimo, mikono yake ile imelala kwa magoti. Miaka amefua pale. Amesomesha watoto wawili na hayo mabeseni, na kila beseni alikuwa analimwaga chini ya nyumba ya baba yake. Niliogopa atalia. Badala yake alisimama, akashika sukuma ya kwanza kwa shingo, akaing'oa. Ya pili. Ya tatu. Zote. Mizizi ikirusha matope kwa ukuta.

Ndung'u juu akashangaa. "Eh! Mboga nazo zimekukosea nini?"

Norah akainua kichwa. Nikajiandaa.

"Leo sina maneno na wewe, Ndung'u," akasema, kwa sauti ya kawaida.

Nakuambia Ndung'u aliogopa kuliko siku zote. Aliweka kikombe chini akaingia ndani.

Sukuma yote iligawiwa majirani. Siku hiyo hiyo akanichimbisha mtaro kutoka mahali anafulia mpaka kwa mfereji mkubwa wa maji machafu, tukaupiga simiti, na beseni halijamwagwa kwa ukuta tena. Mtu akimuuliza mbona ameng'oa mboga, alisema tu, "Ilikuwa inakunywa nyumba yangu." Shimo la pili tukalifikisha kwa mwamba, tukalijaza, tukaliacha likauke.

Likabaki la tatu, kwa kona ya kushoto chini ya ufa wenyewe. Na mvua ikaja kabla ya wakati wake.

Ilikuwa mchana, tumefikisha kiunoni, mwamba bado. Wingu lilitoka upande wa jalala, jeusi, na halikutupatia hata nafasi ya kuanua nguo. Dakika chache shimo likaanza kujaa. Pande zake zikaanza kuteleza, vipande vya udongo vikianguka ndani pwaa, pwaa. Halafu ukuta ukatoa sauti. Si kubwa. Kama mzee anaamka kwa kiti. Plasta ikaanguka ikanigusa bega.

"Mathe, tujaze!" nikapiga kelele. "Tujaze na hata udongo, tutachimba ikiisha!"

"Ukirudisha udongo umerudisha shida! Leta ndoo!"

"Ukuta utatuangukia!"

"Basi toka! Toka ukae kwa jikoni! Nilikuambia wewe ni mvua ya Agosti!"

Hiyo iliniuma, nikaleta ndoo. Yeye akafunga leso kiunoni akashuka ndani ya shimo, maji kwa magoti, akachota na karai, akinipatia namwaga. Ndung'u alikuwa kwa balkoni anapunga mikono.

"Mama! Toka huko! Utakufa, mama!"

"Si ndio utanunua!"

Ndung'u akapotea. Nikajua ameenda kujifungia asione. Kumbe alikuwa anashuka ngazi. Alikuja kwa mlango wetu, amelowa, kitambi mbele, amebeba nguzo mbili za mbao zile hushikilia slabu ya ghorofa ikikauka, na mlinzi wake nyuma na zingine.

"Shikilia hii hapa! Hapa, kijana, si hapo!" Akazigongomelea kuegemeza ukuta kama mtu aliyewahi kufanya hiyo kazi na mikono. Norah akamwangalia kutoka ndani ya shimo.

"Kwani umehama upande?"

"Ukuta ukianguka unaangukia pampu yangu ya maji!" akasema. "Chota!"

Tukachota. Norah aliendelea kuchimba akiwa ndani ya maji, haoni kitu, anapapasa na miguu. Udongo ulimshika kiatu akakiacha huko. Halafu akasimama wima, akakanyaga mara mbili kwa nguvu, na uso wake ukabadilika.

"Nimesimama," akasema. Halafu akapiga kelele mpaka wapangaji wa Ndung'u wakatoka kwa madirisha. "Nimesimama! Lete baba! Lete mawe!"

Tulizileta. Mimi, Ndung'u, mlinzi, mkono kwa mkono, na Norah chini akizipanga juu ya mwamba, moja ikibana ingine, konkriti ikimwagwa katikati, maji ikitolewa kwa ndoo upande wa pili. Jivu juu ya lava, venye zilikuwa zimelala kabla ya mtu yeyote. Pale juu, mahali mawe mapya yanakutana na msingi wa mzee, akachukua vipande vidogo akavipigilia na nyundo mpaka hakuna hata wembe ungeingia. Jua lilikuwa linazama tulipomvuta nje. Hakuwa na kiatu, hakuwa na kucha.

Asubuhi nilimkuta kwa ukuta. Kioo kilikuwa kimefunikwa na matope kabisa, hauwezi jua ni kizima au ni vipande vimeshikwa na uchafu. Alikuwa amesimama mbele yake na leso mkononi, hajakigusa.

"Pangusa," nikamwambia.

"Pangusa wewe."

"Ni ukuta wako."

Akapangusa. Pole pole, kutoka kona moja. Likatokea jicho lake. Halafu pua. Halafu jicho lingine, na hakuna mstari katikati.

Mvua ilinyesha Aprili yote na Mei. Dandora ikawa vile huwa, gari zimekwama, watoto wanaenda shule na viatu kwa mkono. Na kila mtu aliyepita alikuja kuangalia kioo. Wasichana walijipaka mafuta ya midomo hapo. Aweys alikuwa anakuja na ovaroli, anapiga kioo na ukucha, anaenda. Ndung'u alikuwa anakiangalia kutoka juu, akijifanya anaangalia pampu. Norah hakumwomba msamaha juu ya zile salamu za miaka, na hatawahi. Lakini siku moja alipanda mwenyewe mpaka ghorofa ya sita, akateremka na mapazia ya Ndung'u yote kwa kichwa, akayafua, akayapiga pasi, akayarudisha. Ndung'u akauliza ni ya nini. Akaambiwa yalikuwa machafu, yanamharibia mandhari.

Juni, Caleb akaja. Jua lilikuwa limetoka, udongo umeanza kukauka na kujikunja vile hufanya. Alienda moja kwa moja nyuma. Akainama kwa kioo, akakikagua kona kwa kona. Akatoa miwani, akapangusa kioo na tai yake, akaangalia tena. Ufa ulikuwa bado pale chini yake, kovu haliendi, lakini ule ufunguo wa gari alijaribu na haukuingia zaidi ya ulivyoingia Januari.

Norah alikuwa anafua chini, ameinama kwa stuli, sababu meza ya mawe haikuwa tena. Kwa kona palibaki alama tu ya mraba mahali ghorofa ya baba ilikuwa.

"Unaona nini hapo?" akamuuliza bila kugeuka.

Caleb akakohoa. "Najiona."

"Mzima?"

"Mzima."

"Basi toka kwa ukuta wangu, unanizibia jua. Na ukipita hapo mbele umwambie Ndung'u atafute parking kwingine."